Thamani Iliyomo Vitunduni

Wasikilizaji, Februari 2014 meli ya kwanza iling'oa nanga Likoni ikiwa na shehena ya madini ya mchanga mzito kutoka Kwale, pwani ya Kenya. Ndani ya mchanga wa Kwale mlikuwa na madini matatu: ilmenaiti, rutili na zirkoni. Kampuni ya Base Titanium iliendelea kuchimba na kusafirisha hadi Desemba 2024, uchimbaji ulipokoma. Kwa zaidi ya miaka kumi malori yalipita barabara ya Likoni yakienda bandarini, na watu wa Msambweni na Ukunda wakazoea kulisikia jina la titani bila ya kuiona kazi yake.

Rutili ni oksidi ya titani: kila atomi moja ya titani imeshikana na atomi mbili za oksijeni. Sehemu kubwa kabisa ya titani inayochimbwa duniani husagwa na kusafishwa ikawa unga mweupe wa kutilia rangi. Umo katika rangi ya ukuta, katika plastiki, katika karatasi, hata katika dawa ya meno. Lakini oksidi hiyohiyo ina kazi nyingine inayodai maarifa mengi na madini kidogo sana. Ikifanywa utando mwembamba wenye mamilioni ya vitundu visivyoonekana kwa jicho, inageuka kuwa chombo cha kuzalisha umeme, cha kunusa gesi, au cha kusafisha maji. Wanaofanya kazi hiyo wanajua kwamba jambo kubwa ni vitundu vyenyewe: ukubwa wake, mpangilio wake, na unene wa kuta zinazovitenganisha.

Kwanza, semikondakta ni nini? Ni kitu kilichosimama kati ya shaba, inayopitisha umeme bila taabu, na kioo, kisichoupitisha. Kikipigwa na mwanga wa kutosha, au kikiguswa na gesi fulani, hali yake hubadilika na umeme hupita zaidi au hupungua. Silikoni ndiyo inayojulikana zaidi. Ila zipo pia oksidi za metali zenye tabia hiyo: oksidi ya titani, ya bati, ya zinki, ya tungsteni. Hata kutu nyekundu ya chuma ni semikondakta.

Mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha katika jarida la Nature jambo lililowashangaza wanakemia. Walizamisha oksidi ya titani majini, wakaimulika, na maji yakagawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. Tatizo likajitokeza papo hapo. Oksidi ya titani ni nyeupe, na kitu cheupe hakinyonyi mwanga unaoonekana. Hunyonya mwanga wa urujuanimno peke yake, nao ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia. Asilimia zilizobaki zinapita bure.

Watafiti wakajaribu kuipaka rangi. Molekuli ya rangi hunyonya mwanga unaoonekana, kisha humkabidhi jirani yake, yaani oksidi, elektroni moja. Makabidhiano hayo hufanikiwa pale tu molekuli inapoigusa oksidi yenyewe. Ukipaka tabaka la pili na la tatu juu yake, molekuli za juu hazina wa kumkabidhi. Na tabaka moja la molekuli juu ya uso laini ni jembamba mno; hunyonya chini ya asilimia moja ya mwanga. Kwa hiyo seli za namna hiyo zilibaki mambo ya maabara kwa miaka mingi.

Jibu lilitoka Lausanne, Uswisi. Oktoba 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitangaza seli ya jua iliyotengenezwa kwa chembe za oksidi ya titani zenye upana wa nanometa 15 hivi. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo ziliunganishwa kwa joto zikawa utando wenye unene wa mikrometa 10, mwembamba kuliko unywele, na katikati ya chembe zikabaki nafasi tupu zinazopitana. Ufanisi wake ulikuwa kati ya asilimia 7.1 na 7.9. Oksidi ilikuwa ileile na mwanga uleule. Kilichoongezeka ni uso wa ndani.

Hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Unga wa kawaida wa oksidi ya titani unaouzwa kwa maabara una uso wa takriban mita 50 za mraba kwa kila gramu. Utando wa sentimita moja ya mraba, wenye unene wa mikrometa 10 na ambao nusu yake ni nafasi tupu, una uzito usiozidi miligramu 2. Miligramu hizo mbili zina uso wa karibu sentimita 1,000 za mraba. Yaani kipande kinachokaa juu ya ukucha kina ndani yake uso unaozidi ukurasa mzima wa karatasi ya A4, na wote umefunikwa molekuli za rangi zinazoigusa oksidi moja kwa moja. Mwanga ukiingia humo hukutana na rangi mara mamia kabla ya kutoka upande wa pili.

Kazi ya kuutengeneza utando kama huo inaweza kufanyika juu ya meza ya kawaida. Mwaka 1998 Greg Smestad na Grätzel waliandika katika jarida la walimu wa kemia la Marekani maelezo yanayowafaa wanafunzi. Gramu 6 za unga wa oksidi ya titani hutiwa kwenye kinu kidogo. Mililita 9 za tindikali hafifu, ya siki au ya nitriki, huongezwa mililita moja baada ya nyingine huku mchi ukizunguka, mpaka madonge yote yavunjike na rojo liwe laini. Kipande cha kioo kinachopitisha umeme, kilichopakwa oksidi ya bati, hubandikwa selotepu kando mbili. Rojo hudondoshwa juu, kisha fimbo ya kioo hupitishwa mara moja ikiegemea selotepu pande zote. Unene wa selotepu ndio unaoamua unene wa rojo. Selotepu hubanduliwa, kioo kikaachwa kikauke, kikaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 450 za Selsiasi kwa nusu saa.

Ndani ya tanuri mna jambo la kutazamwa. Rojo za maabara nyingi huchanganywa na selulosi au polima ili zishike vizuri. Joto likipanda, utando mweupe hugeuka kahawia, kwa kuwa selulosi inaungua. Joto likiendelea, ukahawia hufifia na weupe hurudi. Selulosi imeondoka ikawa moshi, na pale ilipokuwa pamebaki vitundu. Wakati huohuo chembe zilizogusana zimeshikana shingoni, na elektroni sasa ina njia ya kupita kutoka chembe hadi chembe mpaka kwenye kioo. Selulosi ikizidishwa katika rojo, vitundu huongezeka. Ikipunguzwa, utando hushikamana zaidi.

Kioo kikipoa kidogo huzamishwa katika rangi. Wanafunzi wanaofuata maelezo hayo hutumia juisi ya matunda meusi au maji ya hibiskasi, ambayo ni lile ua tunalolichemsha na kulinywa kwa jina la choya au rosela. Rangi yake nyekundu, anthosianini, hung'ang'ania titani yenyewe, na baada ya dakika chache weupe wote umegeuka zambarau. Ukisuuza kwa maji, rangi haitoki. Kioo cha pili kilichopakwa grafiti ya penseli huwekwa juu yake, matone ya myeyusho wa aidini huingizwa katikati, na mita ya umeme huanza kusoma. Seli ya choya haifiki asilimia moja ya ufanisi. Hata hivyo kila kiungo cha seli ya Lausanne kimo ndani yake, na mwanafunzi amekishika kwa mkono wake mwenyewe.

Njia ya kinu na selotepu hutoa vitundu vya ukubwa mchanganyiko. Mpishi wa mkate wa kumimina anajua hali hiyo: hamira hutoboa unga, na kila tundu hutoka na ukubwa wake. Mtafiti anayetaka vitundu vyote vya nanometa 10, vimejipanga safu kwa safu, anahitaji njia nyingine.

Mwaka 1998, Peidong Yang, Dongyuan Zhao na Galen Stucky, pamoja na wenzao wa Santa Barbara, California, walionyesha mojawapo ya njia hizo. Walichukua polima ambayo sehemu yake moja hupenda maji na nyingine huyakwepa, wakaiyeyusha katika alkoholi pamoja na chumvi ya metali. Polima hizo hujikusanya zenyewe katika mafungu yanayolingana, na metali hujaa katikati yake. Joto likiichoma polima, kila fungu huacha tundu lenye ukubwa uliojulikana kabla. Walifanya hivyo kwa oksidi ya titani, ya bati, ya zirkoni, ya tungsteni na nyinginezo, na vitundu vikafika nanometa 14. Polima ndefu hutoa tundu kubwa, fupi hutoa dogo.

Anayetaka vitundu vikubwa zaidi, vya nanometa mamia, hutumia vijipira vya plastiki ya polistireni. Vijipira hujipanga, rojo humiminwa katikati, kisha plastiki huchomwa. Mwaka huohuo wa 1998 kundi la Andreas Stein, Chuo Kikuu cha Minnesota, lilitumia njia hiyo kwa oksidi kadhaa. Vitundu vikiwa na ukubwa unaokaribia urefu wa mawimbi ya mwanga, utando mweupe hung'aa rangi ya kijani au nyekundu bila ya kutiwa rangi yoyote.

Kuna na njia ya umeme. Bamba la titani huzamishwa katika maji yenye floraidi, umeme ukapitishwa, na juu ya bamba huota mirija midogo ya oksidi iliyosimama wima, imepangana. Volti zikiongezwa, kipenyo cha mirija huongezeka. Muda ukiongezwa, mirija hurefuka. Na utando ukishakamilika, kuta zake za ndani zinaweza kuvikwa oksidi nyingine kidogo kidogo, kila tabaka likiwa na unene wa atomi. Njia hiyo ya mwisho ilibuniwa Ufini na Tuomo Suntola mwaka 1974, na leo viwanda vya kompyuta vinaitumia kila siku.

Kwa hiyo ukubwa wa tundu, unene wa ukuta, unene wa utando na aina ya fuwele vyote vinaweza kurekebishwa. Ugumu ni kwamba havirekebishwi kimoja kimoja.

Joto ndilo mfano mzuri. Rojo linapokauka, kuta za oksidi huwa hazina mpangilio wa fuwele, na elektroni hupotea ndani yake. Likipata nyuzi 400 hivi, atomi hujipanga katika fuwele iitwayo anatasi, na elektroni hupita vizuri zaidi. Lakini fuwele zikikua hupita unene wa ukuta, na ukuta wenye nanometa chache huvunjika. Vitundu vilivyopangwa kwa siku kadhaa huporomoka kwa dakika. Joto likizidi nyuzi 600, anatasi huanza kugeuka rutili, ileile ya mchanga wa Kwale, na uso wa ndani hupungua sana. Mwaka 2008 kundi la Ulrich Wiesner, Chuo Kikuu cha Cornell, lilipata ufumbuzi wa kupendeza. Walichoma tando zao mahali pasipo na hewa, polima ikageuka kaboni na kubaki ndani ya vitundu, ikazishikilia kuta mpaka fuwele zikakamilika. Baadaye wakaruhusu hewa iingie, kaboni ikaungua, vitundu vikabaki wazi.

Unene nao una mgogoro wake. Utando mnene hubeba rangi nyingi na kunyonya mwanga mwingi. Ila elektroni hulazimika kupita chembe maelfu kabla ya kufika kwenye kioo, na njiani baadhi yake hunaswa. Ndiyo sababu unene unaotumika zaidi katika seli hizi umebaki karibu na mikrometa 10 tangu 1991.

Wasikilizaji wengine watauliza, haya yananihusu nini mimi ninayepika kwa mtungi wa gesi? Yanawahusu sana. Japani ya miaka ya 1960 ilikuwa imeingiza gesi ya kupikia majumbani kwa kasi, na milipuko ikawaua watu. Naoyoshi Taguchi aliomba hataza mwaka 1962 kwa kifaa cha kugundua gesi kilichotumia oksidi ya bati yenye vitundu, na kampuni ya Figaro iliyotokana na kazi hiyo ilianza mwaka 1969. Kifaa hicho hufanya kazi hivi: oksijeni ya hewani hujibandika kwenye kuta za vitundu na kuzipokonya chembe elektroni zake, umeme ukapita kwa shida. Gesi ya kupikia ikivuja, huungana na ile oksijeni, elektroni hurudishwa, na umeme hupita kwa wepesi. King'ora hulia.

Hapa pia ukubwa ndio unaoamua. Mwaka 1991 watafiti wa Noboru Yamazoe, Chuo Kikuu cha Kyushu, walionyesha kwamba chembe za oksidi ya bati zikiwa chini ya nanometa 6, uwezo wa kuhisi gesi hupanda ghafla. Oksijeni hupokonya elektroni kwenye ganda la nje lenye unene wa nanometa 3 hivi. Chembe ya nanometa 6 haina kiini kilichosalimika. Yote ni ganda, nayo huitikia yote. Vihisi vya aina hii, kama MQ-2, vinauzwa leo katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, na wanafunzi wa ufundi huvifunga kwenye miradi yao. Vihisi vya jamii yake vinavyotumia oksidi hiyohiyo hunusa kaboni monoksidi, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Ukweli wote lazima usemwe. Seli ya jua ya Grätzel haikuiondoa silikoni juu ya mapaa. Myeyusho wake huweza kuvuja, rangi yake huchoka, na silikoni imekuwa rahisi kupita matarajio ya watu wa 1991. Nguvu yake imekuwa katika mwanga hafifu wa ndani ya nyumba na katika vioo vya rangi, kama vile vilivyopamba ukumbi wa mikutano wa Lausanne uliofunguliwa mwaka 2014. Lakini utando wenye vitundu umezaa uzao mwingine. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka, Japani, lilibadilisha rangi kwa fuwele za peroviskiti juu ya utando uleule wa oksidi ya titani, likapata asilimia 3.8. Leo seli za peroviskiti za maabara zimevuka asilimia 25, na baadhi yake bado zimekalia oksidi ya titani yenye vitundu.

Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Idara za fizikia za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi zimechunguza tando za oksidi kwa miaka mingi, zikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kupitia programu ya kimataifa ya sayansi iliyoanzishwa huko mwaka 1961. Pwani yetu ina somo lake la pekee. Utando unaojengwa kwa polima huathiriwa na unyevu wa hewa: ukizidi au ukipungua alkoholi inapogeuka mvuke, mafungu ya polima hujipanga vingine, na vitundu vikatoka tofauti. Maelezo yaliyoandikwa katika mji mkavu hayatatoa utando uleule Dar es Salaam wakati wa masika. Mtafiti wa hapa analazimika kuupima unyevu, kuudhibiti ndani ya sanduku, na kutafuta kiwango chake mwenyewe. Hiyo ni sayansi kamili, na hakuna atakayetufanyia.

Hesabu ya Kwale nayo inastahili kusemwa waziwazi. Mita moja ya mraba ya utando wa mikrometa 10 hutumia chini ya gramu 20 za oksidi ya titani. Kiganja cha unga kinatosha kufunika meza nzima ya maabara. Basi kufungwa kwa mgodi hakukufunga mlango wa elimu hii, kama vile kufunguliwa kwake hakukuufungua. Thamani ya utando imo katika kujua vitundu vinatengenezwaje, na ujuzi huo haupatikani kwa tani.

Mahitaji yake yanajulikana. Tanuri linaloaminika kwa nyuzi, vioo vinavyopitisha umeme, na kemikali zinazofika zikiwa hazijaharibika bandarini. Ghali zaidi ni vyombo vya kupimia: hadubini ya elektroni ya kuvionyesha vitundu, na mashine ya nitrojeni baridi ya kupima uso wa ndani. Hakuna idara moja inayoweza kuvimudu vyote, ila vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda vinaweza kuvinunua kwa pamoja na kupangiana zamu. Mchanga mzito bado upo Kilifi, Kigamboni na Tanga. Leseni nyingine zitajadiliwa, na serikali zitazungumza mrabaha, barabara na ajira. Katika mazungumzo hayo iwekwe sehemu ya mrabaha kwa ajili ya maabara za oksidi na masomo ya vijana wa maeneo yanayochimbwa, ili kijana wa Msambweni aliyeona malori yakipita akasome jinsi oksidi hiyo inavyopangwa nanometa kwa nanometa.